Maziwa ya ngamia kwenye mizani ya kliniki

Leo mtoto wangu ametapika juu ya mizani, mbele ya mke mwenzangu Halima!

Ni wivu tu, wallahi. Watoto wetu wako umri mmoja, lakini wake ni mnene.

Kwa hivyo nikampa wangu maziwa ya ngamia kabla apimwe, vile tunanywesha mbuzi maji ndio wauzike.

Nesi akasema, "Mama, hapa si soko la mbuzi! Huyu anyonye tu mpaka miezi sita. Na chanjo yake mbona haukuja?"

Halima hajawahi kosa kliniki.

Akampangusa mwanangu na shash yake mpya ya kufunga kichwa. "Abaayo, dada yangu, mwezi ujao tukuje pamoja."

Nimekubali. Lakini lazima mtoto wangu amshinde wake, tena bila ngamia.

Wamama, nyinyi hamna wivu?