Wageni Ishirini na Mmoja

Karafuu mbichi na kavu, ukizitazama kwa mbali juu ya jamvi, ni moja. Mwaka wa themanini na tano nlikuwa mtu mzima na ndevu zangu, na bado baba hakuniamini kwa jicho. Anaivunja. Ikilia, kavu. Ikijikunja, irudi juani. Baba huyo alioa wake watatu, lakini hayo mengine. Skuli niliishia darasa la nne, basi nliyoyajua nliyajua kwa kuvunja.

Miaka ya elfu mbili ilinikuta mapokezi katika nyumba ya wageni Mji Mkongwe. Mkwe wa Bi mwenye nyumba, msomi, alitengeneza ukurasa wa mtandao kwa JavaScript: mgeni anaandika wakubwa wangapi, watoto wangapi, sisi inatufikia jumla. Nlikuwa nikimchungulia, akitoka najaribu.

Siku moja ikaja 21. Nikampelekea Bi. Kwetu mgeni haulizwi mko wangapi, ni kama kumwambia chakula hakitoshi. Bi hakuuliza. Akapika biriani ya watu ishirini na mmoja. Wakaja watatu, mmoja amebebwa.

Mkwe akasema mashine haikosei, mzee hajui tarakimu. Nimwombe Bi radhi mbele ya wapishi, au kazi sina.

Nkaufungua ukurasa wake mbele yao, nkaongeza mstari wa typeof, neno la kuiuliza thamani ni ya aina gani. Nkaandika 2 kwenye kisanduku cha wakubwa. Jibu likatoka: string.

"Ndiyo nini?" Bi akauliza.

"Maandishi, Bi. Kinachoandikwa kisandukuni ni maandishi, hata kikifanana na namba. Ukijumlisha maandishi, yanabandikana tu. Mbili na moja, ishirini na moja."

Nkayageuza kwa Number, yawe namba, nkauliza tena. Ikajibu: number. Jumla, 3. Mpishi mmoja akamwambia mwenzake kwamba basi biriani ile ilipikiwa maandishi.

Mkwe masikio yakamwiva. Bi akanivuta pembeni.

"Mzee, mwombe radhi yaishe. Umemvunjia heshima, na ndiye mkwe wangu."

"Kwa kosa gani, Bi?"

"Yaishe tu."

"Kwangu hayaishi hivyo. Yeye hakuiuliza ile mbili ni nini, mimi nimeiuliza."

Nkavaa makubadhi, nkashika njia ya nyumbani, Chukwani. Sijaikanyaga tena nyumba ile.