Sahani Tatu za Kitaiwani

Tangu Jumamosi sijapata amani, na hata kusali naona haya. Mimi ni nesi, naishi Hopkins, karibu na Minneapolis, Marekani. Siku hiyo tulikuwa na semina ya kazini katika hoteli moja, na ilipofika saa ya chakula cha mchana nikafuata harufu ya vitunguu hadi ukumbi wenye meza ndefu ya vyakula vya Taiwani. Nikajua ndicho chakula chetu.

Nilipakua kimanda cha chaza na kuku wa kukaanga. Nikarudia. Mara ya tatu nikabeba bakuli la barafu iliyoparuzwa, yenye maembe juu, na chai baridi ya maziwa yenye punje za muhogo. Nilikuwa naivuta kwa mrija huku nikichekacheka peke yangu, mzee mmoja mwenye suti nyeusi alipoketi kando yangu.

"Asante kwa kuja," akasema taratibu. "Vyote hivi mama yangu alivipenda. Ulimfahamu wapi?"

Hapo ndipo nilipoiona picha ya bibi kizee mbele ya ukumbi, imezungukwa na maua meupe; kumbe nilikuwa nimeingia kwenye kumbukumbu ya marehemu. Ningeomba radhi tu, yangeisha. Lakini ulimi wangu, Mungu anisamehe, ukakimbilia uongo.

"Nilimuuguza hospitalini, hapa Minneapolis. Alikuwa akikutaja sana."

Macho yake yalilengwa na machozi. Kisha akaitazama beji ya semina shingoni mwangu, akazitazama sahani zangu.

"Dada," akasema, "mama hakuwahi kufika Marekani."