Mama wa Unga wa Pembeni

Ninyi vijana mtakaosoma haya, msiniharakishe. Nilisoma darasa tatu tu, kule Kivu ya Kusini, na mkono wangu unajua kopo la kupimia unga kuliko kalamu. Lakini kosa hili ni langu, nami nitalisema mwenyewe kabla wajukuu hawajalitia chumvi.

Mjukuu wangu msichana anasoma Nyamitanga, kule Mbarara, analala shuleni. Kila likizo alirudi Nakivale, kambini kwetu huku Uganda, na kitabu kimoja cha picha, kimoja cha vile ambamo watu wanachorwa na maneno yanawatoka mdomoni kama povu. Hakuvinunua. Alisuka wenzake nywele: vichwa vitano, vitabu vitano. Alivifunga katika kitenge, akaviweka chini ya godoro.

Siku moja, yeye akiwa shuleni, nilivifungua. Maneno madogo vile macho yangu yanayakataa, basi nikatazama picha. Cha kwanza: soko, mawingu ya mvua, mbuzi anakimbia na kitambaa chekundu mdomoni. Cha pili: soko lilelile, mawingu yaleyale, mbuzi yuleyule. Cha tatu, hivyo hivyo. Nikasema, masikini mtoto wangu, wamemdanganya! Wamempa kitabu kimoja mara tano, wakabadilisha jalada. Sisi wauza unga tunaijua hila hiyo: gunia jipya, unga wa mwaka jana.

Nilikuwa na safari ya Mbarara. Nikabeba viwili, nikavipeleka Nyamityobora kwa mzee anayeuza vitabu vilivyotumika, tukabadilishana, akanipa daftari mbili kubwa. Njia nzima nilijisifu.

Likizo ikafika. Mtoto alifungua kitenge, na hakulia. Afadhali angelia.

"Koko, vingine viko wapi?" akaniuliza mimi bibi yake.

"Nilikusaidia. Vilikuwa vinarudia."

Akakaa chini, akafungua kimojawapo. "Havirudii, koko. Ni siku moja, lakini kila kitabu kina mtu wake. Hiki ni cha fundi cherehani. Anaona mbuzi anapita na kitambaa, anacheka, basi. Kile cha bibi harusi ulichopeleka, kitambaa kinatoka kwenye nguo yake. Na mtu wa baiskeli, naye ulimpeleka, ndiye mbuzi anamwangusha. Shuleni wanasema kitakuja cha sita, kitakachosema huyo mbuzi alitoka wapi. Sasa mimi nitakiunganisha na nini?"

Binti yangu, mama yake, akatoa kichwa jikoni. "Mama, ni wewe uliyetukataza kugusa ungo wako bila kuomba. Na siku ile si ulienda Mbarara kupimwa macho?"

"Nyamaza, pika."

Lakini nilimwona mtoto anavitoa vile vitatu vilivyobaki na kuvitia katika sanduku lake la shule. Akalifunga kwa kufuli. Hapo nikaelewa: hataacha tena kitu chake katika nyumba yangu. Hilo lilinichoma.

Asubuhi nilirudi Mbarara. Mzee alinitambua, akaniita bibi kwa lugha ya kwao.

"Mukaaka, umerudi! Moja iko. Hii ingine ilienda, mtu wa Kakiika alichukua."

"Mtu gani? Yuko namna gani?"

"Mukaaka, mimi nauza kitabu. Uso wa mtu siuzi."

Nikamrudishia daftari moja, nikapewa cha bibi harusi. Cha mtu wa baiskeli kilikuwa kimepotea.

Nyumbani nilikiweka mbele ya mtoto, nikamwambia, "Nifundishe." Akafungua kufuli. Tukatandika mkeka, tukavifungua vyote vinne, saa ya soko katika kimoja kando ya saa ileile katika kingine. Alinionyesha jinsi mlango unaofungwa katika kitabu hiki unavyosikika katika kile. Nilitazama sana. Kisha nikauliza:

"Na huyu?"

"Nani?"

"Mama wa unga."

Alikuwa pembeni kabisa, katika kila kitabu, mdogo kama kidole, na beseni lake. Hakuna kitabu kilichompa hata neno moja.

"Kwa fundi, asubuhi, beseni limejaa," nikasema. "Na mbuzi amelala pale, mweusi mtupu. Sasa njoo kwa bibi harusi. Unga wa beseni una shimo upande. Mbuzi ana pua nyeupe. Na mama amesimama, ameinua kopo. Mbuzi amekula unga wake wa muhogo, yeye akampiga kopo kichwani, ndiyo maana anakimbia. Fujo yote ya soko imetoka hapa."

Mtoto alikazia macho, akapeleka kidole kwenye kitabu kimoja, kingine, kingine. "Koko! Nimevisoma mara mingi, sikumwona!"

"Wewe hujawahi kuuza unga karibu na mbuzi."

Alicheka mpaka akajilaza mkekani. Mimi nilimheshimu yule aliyechora, popote alipo. Alimweka mwanamke mbele ya macho ya watu wote na wasimwone, na siku nzima ikatoka mkononi mwake.

Mtoto akaniambia kwamba cha mtu wa baiskeli anakikumbuka karibu chote, na kuchora anajua kidogo. Nikaleta daftari iliyobaki, nikaita nyumba nzima.

"Daftari hii ni ya kitabu nilichopoteza," nikawaambia. "Asiiguse mtu kwa hesabu, wala kwa kuwasha makaa ya babula. Anayekumbuka picha aseme. Na wewe unayechora, mama wa unga umuweke fasi yake, palepale pembeni, na kopo juu."