Shamba Lisiloguswa na Jembe

Baba aliniachia shamba letu la Segese kwa sharti moja: lisichimbwe. Si dhahabu tu. Alisema mbele ya kaka zake, akiwa bado na nguvu za kugombana nao, kwamba nipande mahindi, mtama, choroko, kinachovunwa juu ya ardhi. Viazi hapana, mihogo hapana, karanga hapana. Nikichimbua chochote, shamba linarudi kwa ukoo.

Jamani, Msukuma gani anakatazwa viazi? Majirani wakianika michembe yao, vipande vya viazi vya kukausha, mimi naomba ya kuonja, nao wananitania, "Mama, wewe na viazi mligombania nini?" Nacheka huku nimekasirika.

Chanzo kila mtu alikijua. Humo ndimo kaka yangu na wenzake walifungua duara, shimo la kutafutia dhahabu, na mvua ikaliangusha yeye akiwa chini. Vijana wakachimba kumtoa. Kifusi kikashuka tena, kikawafunika wawili hadi shingoni. Walipookolewa, baba akasema basi, imetosha, hawa ni watoto wa watu. Kaka hakutolewa.

Baba alipofariki mwaka jana, baba mkubwa alikuja na vijana wenye sururu na majembe. Kwetu mwenye mji huzikwa nyumbani kwake, na mji wetu umo humo humo shambani. Nikasimama mbele yao.

"Shikamoo baba. Hapa hapachimbwi."

"Marahaba. Alikataza dhahabu na viazi, hakukataza kaburi! Tunamlaza na mwanawe. Sogea."

Wallahi, nilitaka kusogea. Nani asingetaka baba yake alale karibu na mwanawe? Lakini nilikuwa nimeshamuuliza baba mwenyewe, wakati namuuguza, tukiwa wawili tu. Akanishika mkono. "Siku ile kaka yako alikuwa hai. Kila sururu ilipogonga juu, naye aligonga chini. Mimi ndiye niliyekuwa nimelala kifudifudi, nikasikia peke yangu. Alijua tunakuja. Kisha nikawasimamisha. Mwanangu, asisikie tena watu wakichimba halafu wasifike. Hata kwa ajili yangu."

Ningeyasema hayo, baba mkubwa angeamuru majembe yawekwe chini papo hapo. Lakini mama alikuwa amekaa mkekani, hatua chache tu kutoka pale. Miaka yote amejipoza kwa neno moja, kwamba mwanawe alikufa mara moja, hakuteseka.

"Hapana," nikasema. "Shamba ni langu."

Uwanja mzima ukaguna. Binti anamnyima baba yake kaburi kwa ajili ya ardhi! Aibu iliyoje. Tulimzika Kahama, kwenye makaburi ya watu wote, na baba mkubwa hakunipa mkono. Mama alinigeuzia mgongo, na mpaka leo nikimwamkia anaitikia akiangalia pembeni. Inaniuma sana. Mama hajui kusoma, ndiyo maana naweza kuandika haya.

Mtama naumwaga kwa mkono tu, ushike usishike. Kinu na kishindo chake nimevihamishia kwa jirani, ng'ambo ya barabara, na mama hunung'unika kila anapobeba mahindi kwenda kutwanga.

"Kwani hapa kuna mgonjwa aliyelala?" aliniuliza juzi.

Nikampokea ungo kichwani, nikamwambia twende.