Swali la Bibi kwa Mgeni wa Kwenye Simu

Juzi, nikiwa ndani ya basi la kwenda Kabanga, stendi ya Ngara, binti anayesoma Marekani alimwonyesha bibi yake, kwenye simu ya video, rafiki yake Mmarekani mweusi. Bibi akauliza tunachomuuliza kila mgeni: “Mjukuu wangu, wewe ni wa ukoo gani?”

Binti akatafsiri. Rafiki akainamisha uso.

“Hajui, bibi. Mababu zake walipelekwa utumwani.”

“Basi aje. Tutakunywa naye rubisi, pombe yetu ya ndizi, kibuyu kimoja, awe wa kwetu.”

Rafiki akacheka, akafuta macho, akajibu. Binti alisita kutafsiri.

“Anauliza, ndugu zake wenyewe wakimtafuta, watajuaje yuko kwetu?”

Bibi aliishika simu kwa mikono miwili.

Sisi huliona swali la ukoo kuwa jepesi, la kuanzia mazungumzo tu. Nilifika Kabanga sijamuuliza jirani yangu wa kiti ukoo wake.