Taya Lililojificha Mbele ya Mashine

Chumba cha Mzee Jasi kilikuwa chini kabisa ya hospitali, kati ya stoo ya mashuka na mlango wa jenereta, na kwa miaka ishirini na miwili hakuna daktari aliyewahi kuteremka kukitafuta. Humo alikoroga unga wa jasi kwenye bakuli la mpira, akaumimina kwenye chapa za meno ya wagonjwa, akatoa mataya meupe na kuyapanga rafuni kama mikate. Jina walimpa kwa sababu ya nyusi zake, ambazo saa za kazi hazikuwa nyeusi hata siku moja. Alikuwa mtu wa haya. Akisalimiwa na mwenye koti jeupe, alijibu huku akitazama viatu.

Tangu ije kompyuta ya kupanga upasuaji, jasi yake haikutazamwa na mtu. Mgonjwa alipigwa picha ya kichwa kizima, fuvu likazungushwa kwenye skrini, taya likakatwa na kusogezwa humo humo. Kisha mashine nyingine ilichapa kipande cha plastiki cha kuumwa na meno, ambacho siku ya kukata kilimwonyesha daktari mahali pa kulifungia taya. Mzee Jasi alibakiziwa kupiga msasa kingo za plastiki hiyo. Hakuwa na kinyongo na kompyuta. Mara mbili alisimama mlangoni kuitazama ikifanya kazi, mpaka akaulizwa kama amepotea.

Jumatatu aliletewa kipande cha plastiki cha binti mmoja fundi cherehani. Binti huyo alizaliwa na mdomo uliopasuka, ukashonwa utotoni, lakini taya la juu likabaki nyuma huku la chini likiendelea na safari. Angepasuliwa Jumatano. Mzee Jasi akachukua mataya ya jasi ya binti huyo, ambayo bado aliyatoa kwa mazoea, akayakutanisha pale meno ya nyuma yalipolika, maana meno yaliyosagana miaka na miaka yanajuana. Akapima kwa rula pengo la mbele, kati ya meno ya juu na ya chini. Milimita tisa. Karatasi ya kompyuta ilisema nne.

Akapima tena. Tisa.

Alipanda ngazi mpaka kwa daktari bingwa, rula ikiwa mfukoni.

"Samahani, daktari. Taya la yule binti, nimelipima, naona halilingani na karatasi."

"Umelipima kwa nini?"

"Kwa rula."

Daktari akacheka, wala si kwa ubaya sana. "Mzee wangu, ile mashine inaona unene wa unywele. Wewe una rula ya mwanafunzi. Kapige msasa, tukutane Jumatano."

Hasira zilimpanda alipofika ngazi ya tatu kutoka chini, mahali ambapo hazikuwa na faida kwa mtu yeyote. Tano nzima zinapotelea wapi? Taya la mtu halikatwi leo likarudishwa kesho kama pindo la suruali. Akageuka, akaenda wodini.

Binti alikuwa amekaa kitandani na shangazi yake.

"Na wewe umekuja kuchungulia?" shangazi akasema. "Tangu asubuhi wamepita kumi na mmoja, wanamfungua mdomo kama kabati la jikoni. Jina hakuna aliyeuliza. Ni kesi ya taya, kesi ya taya."

"Shikamoo, baba," binti akasema, kiganja kikiwa mbele ya mdomo.

"Marahaba, mwanangu. Hebu uma nione."

Akauma. Meno ya mbele yalikaribiana sana. Nne, vilevile kama mashine ilivyosema. Mzee Jasi alitamani sakafu immeze. Akaanza kuaga.

"Kifungo chako hicho kinaning'inia," binti akamwambia. "Leta koti. Siwezi kukitazama hivyo, naumwa."

Akatoa sindano mkobani, akashona harakaharaka, akafunga fundo, akainama na kukata uzi kwa meno ya pembeni. Mara kidevu kikaruka mbele, kisha kikarudi mahali pake.

"Rudia," Mzee Jasi akasema.

"Nirudie nini?"

"Kukata uzi."

Kiganja kikarudi mdomoni. "Hilo si la kuonyesha watu, baba. Darasa la pili waliniita Droo, eti taya limetoka kama droo isiyofungwa. Nikajifunza kulivuta ndani. Siku hizi likiona kamera linarudi lenyewe."

"Na kwenye ile mashine?"

"Waliniambia nitulie. Nikatulia."

"Hawakukuuliza kama ndivyo unavyouma siku zote?"

"Nani aniulize?"

Mzee Jasi akatoa kipande cha nta mfukoni, akakilainisha kwa maji ya moto ya chupa ya shangazi. Binti akakiuma kama anavyouma uzi. Nusu saa baadaye nta hiyo ilikuwa juu ya meza ya daktari, imebanwa katikati ya mataya ya jasi, na rula ya mwanafunzi pembeni. Tisa.

Daktari akaichukua rula, akapima mwenyewe. Kisha akapiga simu: picha irudiwe, upasuaji usogezwe wiki ijayo. Akajaza fomu na kumsukumia Mzee Jasi aweke sahihi yake. Mzee Jasi alisoma polepole, kama asomavyo kila kitu. Sababu ya kuahirisha: mgonjwa hakuuma ipasavyo.

Alisoma tena. Akachukua kalamu, akaufuta mstari ule wote.

"Unafanya nini? Hiyo ni karatasi ya hospitali."

"Na taya ni la yule binti," Mzee Jasi akasema. "Aliuma walivyomfundisha wale waliomcheka. Mmemtazama watu kumi na mmoja, daktari. Hata mmoja hakumuuliza."

Juu ya mstari uliofutwa akaandika, kwa mwandiko wake mkubwa wa darasa la saba: Mgonjwa hakuulizwa. Akatia sahihi, akairudisha fomu, na safari hii hakutazama viatu.

Daktari hakuomba samahani, si kwake wala kwa binti. Lakini Alhamisi simu iliita chini kwenye chumba cha jasi: binti anapigwa picha upya, aje kwenye mashine, na aje na uzi.