Jina la Ubatizo la Gunzi

Avelina alishona mkono wa kushoto mahali pa kulia, akaufumua, kisha akaushona tena palepale. Ndipo alipojua kwamba siku hiyo si ya kazi.

Vitambaa vya zambarau vya sare za kwaya vilikuwa vimerundikana mezani, na mwenyekiti wa kwaya alikuwa ameshaanza kununa. Lakini asubuhi ile Timoth, dereva wa bodaboda aliyesoma naye sekondari, alisimamisha pikipiki mbele ya kibaraza cha duka lake na kusema bila hata salamu, "Ave, Gunzi amefariki." Tangu hapo miguu yake ilikataa kukanyaga cherehani sawasawa.

Gunzi alikuwa msanii wa hip-hop wa Dar es Salaam. Alikuwa akisema mahindi mtakula, gunzi litabaki. Kwa watu wa Ufipa, wanaokulia katikati ya mahindi, jina hilo lilisikika kama la mtoto wa jirani. Avelina alimsikia kwanza akiwa binti, kule kijijini Mollo, wakivuna ulezi huku redio ya kaka yake Mathias ikiimba juu ya gunia. Wasichana wenzake walipenda nyimbo za mapenzi. Yeye alishika mistari ya Gunzi kuliko Salamu Maria, na mama yake hakuacha kumkumbusha hilo. Sasa alikuwa amevuka arobaini, ana binti, Lucia, anayesoma bweni, na bado cherehani yake ilikwenda kwa mdundo wa Gunzi. Mjini Sumbawanga wapo waliomcheka. Hakuwajali.

Alimpigia mumewe, Flavian, aliyekuwa Muze kununua mpunga.

"Gunzi amekufa."

"Pole sana, mke wangu. Ni wa ukoo gani huyo?"

"Siyo ndugu, Flavian. Ni yule msanii wangu."

Nyuma ya Flavian watu walikuwa wakibishana juu ya mizani. "Basi pole," akasema. "Umekula?"

Hakuwa amekula. Alifunga duka, akalifungua kuchukua khanga aliyoisahau, akalifunga tena, akashika njia ya parokiani. Kwao mtu akifa huombewa misa. Hakujua la kufanya zaidi ya hilo.

Katekista Wilibrodi alikuwa ofisini, miwani imeshuka puani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nani katutoka?"

"Gunzi."

Mzee aliinua kichwa. "Jina la ubatizo?"

Miaka yote ile, mistari yote ile, na Avelina hakuwahi kujiuliza mama yake Gunzi alimwitaje.

"Nikiandika hivyo," mzee akasema kwa upole, "padri atasema tumwombee marehemu Gunzi, na waumini wote wana magunzi jikoni. Nenda ukaulize."

Alikwenda kwenye kibanda cha Kelvin, kijana anayetengeneza simu na kuwatia madereva nyimbo kwenye flashi. Mashabiki walikuwa wamejaa pale. Timoth naye alikuwepo, ameegemea pikipiki, macho mekundu.

"Shikamoo, mama Lucia," Kelvin akasema.

"Marahaba. Jina lake halisi nani?"

Mmoja alisema Jofrey, mwingine akaapa ni Rajabu. Kelvin alitafuta kwenye simu akapata majina matatu, kila ukurasa na lake. Ubishi ukaanzia hapo, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa na jibu, ukahamia kwenye jambo ambalo kila mtu alikuwa na jibu lake.

"Kafa na hip-hop yake," Timoth akasema. "Hawa watoto wa sasa wanachana nini? Neno moja wanalirudia mpaka wimbo unakwisha, na sauti yenyewe imepitishwa kwenye mashine."

"Wanachana maisha yao, kaka," Kelvin akajibu. "We unataka kila mtu akuhubirie?"

"Nataka mistari!"

"Mistari ipo, husikilizi. Gunzi mwenyewe aliwasikiliza. Nyimbo zake tatu za mwisho alifanya na hao hao watoto. Ninazo hapa. Mnajua nani aliwahi kuniomba? Hakuna. Kila mmoja wenu akija ananiambia, niwekee zile za zamani."

Timoth alifyonza. Wimbo mmojawapo Avelina aliwahi kuusikia, mwanzo tu, akamwambia Kelvin autoe, eti Gunzi amezeeka vibaya. Sasa maneno hayo yalimwasha kama upupu. Akatoka nje ya kibanda, akarudi, akatoka tena.

Redio ya kibanda ndiyo iliyomaliza ubishi. Mtangazaji alisema marehemu Twaha Mbaruku, aliyejulikana kama Gunzi, amezikwa leo baada ya sala ya adhuhuri.

"Ameshazikwa?" Timoth akauliza, kama aliyepitwa na basi. "Sisi tunabishana hapa, mwenzetu ameshazikwa?"

Avelina alirudi parokiani mbiombio.

"Anaitwa Twaha, mzee. Ni Mwislamu."

Katekista alivua miwani, akaifuta. "Basi mwanangu, wenzake wameshamswalia. Hili nalo la misa, mimi siwezi kukuahidi. Muulize padri akirudi." Akamtazama anavyohangaika na pindo la khanga. "Jumuiya yenu wiki hii inasali wapi?"

"Kwangu. Leo jioni."

"Je, nyumbani kwako nani atakuzuia kuomba?"

Jioni, majirani walipokaa sebuleni na zamu ya maombi ikamfikia, Avelina alisema haraka, kabla hajaghairi, "Tumwombee Twaha, aliyefariki Dar es Salaam." Wote wakaitika, "Twakuomba utusikie," pamoja na bibi Emerensiana mwenye masikio mazito, aliyeitika kwa nguvu kuliko wote.

Baada ya sala bibi alimvuta mkono. "Huyo Twaha ni nani wako?"

Avelina alitafuta neno, akalikosa kwa Kiswahili na kwa Kifipa. "Nilikuwa namsikiliza, bibi," akasema.

"Eeh. Vizuri," bibi akasema, akaomba chai.

Kesho yake alfajiri alikuwa wa kwanza kibandani kwa Kelvin. Akazichukua zile tatu, akaziwasha dukani, akakaa kwenye cherehani. Wa kwanza ulimshinda: mdundo ulikwenda mbio, miguu ikapotea, uzi ukakatika. Wa pili aliuzima katikati. Katika wa tatu Gunzi alisikika mwanzoni tu, sauti imechakaa, akimpisha kijana mmoja asiyejulikana amalizie. Avelina akaurudisha mwanzo. Akaurudisha tena.

Timoth alipopita, akapunguza mwendo. "Vipi, Ave? Si nilikwambia hawa watoto hawana mistari?"

"Wa pili mbaya," Avelina akasema bila kuinua macho kwenye mshono. "Huu niache nao kwanza. Na ukimwona Kelvin, mwulize huyo kijana anaitwa nani. Jina lake la kweli."